Siku nne, Noah moja na milima ya Usambara

SWALI: “Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tunaishi Chumbageni, Tanga mjini. Tuna watoto wawili, wa miaka 13 na 9, na tutakuwa na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Gari letu ni Noah otomatiki, si ya kuvuta magurudumu manne. Tumepata siku nne za kuzunguka milima ya Usambara. Nimepanga hivi: siku ya kwanza Amani, ya pili Lushoto na Irente, ya tatu Mtae kwenda na kurudi, ya nne Mlalo kisha nyumbani. Twende Aprili au Juni? Na hiyo Noah itafika?”

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpango wako ukiupeleka pale stendi ya Lushoto ukamwonyesha dereva yeyote, atakuuliza: mnakwenda kutembea au mnafukuzwa?

Usivunjike moyo. Kosa lako wanalifanya karibu wote wanaoniuliza habari za huko. Umechukua ramani, ukapima kilomita, ukagawa kwa mwendo wa barabara ya Segera. Milimani kilomita hazina maana sana. Kutoka Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 65, na mtu wa Tanga akisikia 65 anajua ni Muheza na kurudi, jambo la asubuhi moja. Kule ni mwendo wa saa tatu, na hapo hujasimama kununua kabichi wala mtoto hajasema tumbo linamchafuka. Kwenda na kurudi siku moja utakuwa umekaa ndani ya gari saa sita au saba kwenye kona tupu, na Mtae yenyewe umeiona saa ya mchana, jua la utosini, bonde zima limejaa ukungu wa vumbi. Ukirudi utawaambia watu Mtae si lolote. Nimewasikia wanaosema hivyo, na wote walifika mchana.

Kwa hiyo nakupangia upya kwa kufuata jua. Mahali penye mandhari nzuri, panga kulala hapo hapo, ili uwepo jioni na alfajiri. Mengine yatajipanga.

Amani itoe kabisa kwenye safari hii. Usambara si mlima mmoja. Kuna ya Mashariki, ambako ndiko Amani, na kuna ya Magharibi, ambako ndiko Lushoto na Mtae, na katikati bonde la Lwengera linazitenga. Kwa gari lako, kutoka Amani kwenda Lushoto itabidi mshuke tena hadi Muheza, mzunguke Segera, Korogwe, Mombo, ndipo mpande upya. Siku nzima inaliwa na barabara. Na Amani iko nyuma ya nyumba yako. Muheza haifiki kilomita 40 kutoka Tanga, na kutoka Muheza kupanda Amani ni nyingine kama hizo. Iwekee Jumamosi na Jumapili yake peke yake. Inastahili: Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, na mingi bado imesimama. Pale Sigi, chini kabla hujapanda, watoto wataona stesheni ya kale ya reli ndogo iliyokuwa ikiteremsha magogo. Na kuna lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda kwenye vikopo madirishani. Kwao asili ni huku kwetu. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa Tanga, alilipeleka Ulaya mwaka 1892, nao wakaliita kwa jina lake. Wewe unalikuta limejiotea tu kwenye mwamba wenye unyevu. Lakini hiyo ni safari nyingine.

Aprili au Juni? Juni, bila kufikiri mara mbili. Masika ni Machi hadi Mei, na Noah isiyovuta magurudumu manne kwenye udongo mwekundu uliolowa ni kama mtu aliyevaa kandambili kwenye sabuni. Lami inaishia maeneo ya Lushoto. Kutoka hapo kwenda juu ni udongo, na ukinyesha usiku mmoja tu, asubuhi gari linakwenda linakotaka lenyewe, na upande mmoja ni korongo. Maporomoko nayo hutokea wakati huo huo, udongo unakatika na kulala barabarani. Juni ardhi imekauka. Lakini nakuonya: ni baridi. Siyo baridi ya Tanga ya kujifunika kanga. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, Mtae ni zaidi ya hapo na upepo wake haupumziki. Bi mkubwa aende na sweta mbili, soksi nzito na kofia ya kufuma. Mkisahau, siku ya soko Lushoto makoti ya mitumba yamejaa tele.

Sasa gari. Noah yako itafika. Noah za abiria zinapanda vijiji vya huko kila siku zikiwa na watu wawiliwawili kwenye kiti cha mmoja. Ila gari la abiria lina dereva anayejua kila jiwe, na wewe hulijui hata moja. Wiki moja kabla, mpelekee fundi mambo matatu: breki, rejeta na tairi. Usikubali akuambie “breki nzima” kwa kukanyaga pedali gari likiwa limesimama. Afungue magurudumu, mwone pedi kwa macho yenu. Mafuta ya breki kama hayajabadilishwa miaka miwili, yamwagwe yote, yawekwe mapya. Nitakueleza sababu. Tairi nazo, usiangalie kashata peke yake. Ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Ikiwa 2316 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi ya umri huo hata ikiwa na kashata nzuri, mpira umeshakufa. Tairi la akiba lijazwe upepo, na mume wako alifungue na kulifunga mara moja pale nyumbani, ajue jeki inakaa wapi na spana inaingia. Si kitu cha kujifunzia kwenye mteremko gizani.

Siku ya kwanza tokeni saa 12 asubuhi, mkishaswali. Hadi Mombo ni kama kilomita 130 za lami na hakuna la ajabu isipokuwa machungwa ya Muheza na trafiki wenye tochi, kwa hiyo penye kibao cha 50 nenda 50 kweli. Mombo simameni nusu saa. Hapo ndipo mwisho wa nchi tambarare. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kwa miaka kadhaa ndipo ilipokuwa inaishia, watu wakishuka na kuangalia juu kama mtakavyofanya nyinyi. Mjaze mafuta. Chai sawa, lakini chapati na supu hapana, hasa kwa huyo wa miaka 9. Mtoto akijaa tumbo halafu ukampandisha kona zile akiwa amekaa nyuma anaangalia simu, utaosha gari Soni. Mpe tangawizi, mkalishe mahali anapoona barabara mbele, simu mnyang'anye. Kiti cha mbele mwachie bibi: magoti yananyooka, na kupanda na kushuka ni rahisi kuliko kuruka ule mlango wa pembeni.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 na unapanda karibu mita elfu moja. Lami ni nzuri lakini nyembamba, inafuata mto upande mmoja na mwamba upande mwingine. Piga honi kila kona usiyoiona mwisho, usione haya, huko honi ni salamu. Joto la Mombo utaliacha taratibu, kama mtu anafungua madirisha moja baada ya jingine, na ukifika Soni AC umeshaizima. Soni simameni muone maporomoko ya maji yaliyo kando ya barabara. Waambie watoto kwamba jirani na hapo ndipo ilipo Vuga, alikokaa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala nchi ya Usambara hadi alipofariki mwaka 1862, na kwamba ukoo wake wa Wakilindi ulianzia kwa Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyekuja kutoka milima ya Ungulu. Wasambaa wenyewe watakusimulia habari za Mbegha na simba vizuri kuliko mimi. Muulize mzee yeyote, lakini uwe na muda.

Saa tano hivi mko Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmsthal na wakaupenda kwa sababu ya baridi yake. Kula, pumzika, bibi alale kidogo. Irente msiende mchana. Ni kilomita sita hivi tu kutoka mjini, ondokeni saa tisa na nusu. Pitieni kwanza shamba la Irente mkanunue mkate wa ngano nzima, jibini na jemu, ni vitu vyao vya pale pale, na ndio mtakaokula kesho njiani. Kisha nendeni kwenye ukingo. Gari linafika karibu, bibi atatembea kidogo tu kwa fimbo yake. Mwamba unakatika ghafla, na chini kabisa, kama mita elfu, mnaona mashamba ya mkonge ya Mazinde yamepangwa kama mistari ya daftari, na barabara kuu ya kwenda Same na malori yake madogo kama siafu. Hakuna ukuta. Mshike mtoto mkono, usimwambie tu “angalia”.

Siku ya pili ndiyo Mtae, na mnakwenda kulala. Jazeni mafuta Lushoto hata kama mshale uko juu ya nusu, maana mbele mafuta ni ya kwenye chupa za maji, na sijui wewe, mimi injini yangu siinyweshi vya chupa. Toeni na pesa taslimu, ya kutosha siku mbili, benki ziko Lushoto. Pakua ramani kwenye simu mapema, mtandao huko unakuja na kuondoka. Saa mbili asubuhi mwe barabarani.

Mtapanda kupitia Magamba, msitu mzito wa hifadhi, ukungu umekaa kwenye matawi na mbega wakiruka. Msiingie leo, mtarudi kesho. Mbele ya hapo msitu unaachia, na mnaingia nchi ya mboga: kabichi, karoti, viazi, matuta yamekata mlima hadi juu. Lukozi kuna soko ambalo mboga nyingi mnazokula Tanga na Dar zimepitia. Na hapo ndipo mtakapokutana na Fuso.

Nataka nikueleze hiyo Fuso vizuri, kwa sababu itawatokea. Umezunguka kona, barabara ni ya gari moja na nusu, na mbele yako kuna lori limejaa kabichi hadi limepita kimo chake, linashuka. Utingo anaruka chini kabla halijasimama, ana gogo mkononi, analitupa mbele ya tairi. Sasa dereva na mumeo wanaangaliana. Desturi ni kwamba anayepanda hupewa njia, kwa kuwa akisimama kwenye mlima kuondoka tena ni taabu. Lakini desturi hiyo haikutungwa kwa ajili ya lori la tani kadhaa lisiloweza kurudi nyuma. Noah irudi, hadi pale palipo na upana mlipopita. Na mnaporudi, mmoja wenu ashuke, asimame nyuma upande wa korongo, pale ambapo dereva anamwona kwenye kioo. Si watoto. Na siku zote egemeeni upande wa mlima, hata mkikwaruza rangi. Rangi inapakwa Tanga.

Mtae mtafika saa nane hivi, mkienda kwa nafasi. Kijiji kiko juu ya mgongo wa mlima, mwisho kabisa wa Usambara, na pande zote mbili ardhi inaanguka. Kuna nyumba za wageni za kawaida, si za kifahari. Pigeni simu kabla na mwulize maswali mawili tu ambayo wageni hawaulizi: choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na chumba kina ngazi ngapi. Kwa magoti ya bibi, hayo yana uzito kuliko mandhari. Chakula agizeni mnapofika, maana kuku wa Mtae saa nane bado anatembea. Maji ya moto yataletwa kwenye ndoo.

Jioni saa 12 kasoro nendeni ukingoni. Bonde la Mkomazi liko chini, milima ya Upare kushoto, na tambarare inakwenda hadi Kenya. Alfajiri amkeni tena, hata bibi, mfungeni blanketi. Saa 12 na robo, kabla jua halijachemsha hewa, ndipo Kilimanjaro huonekana, siyo kila siku, na ikionekana inakuwa juu zaidi ya mahali ulipokuwa unaitafuta. Watu wengi wanaangalia chini sana, kwenye upeo wa ardhi. Inua macho, juu ya mawingu. Mkipishana na wenyeji wanaokwenda shamba, waamkieni kwa Kisambaa, “onga maundo”, na mkipewa kitu, shukuruni kwa “hongea”. Mtaona nyuso zinavyofunguka.

Siku ya tatu rudini polepole kwa njia ile ile. Najua uliandika Mlalo. Ni mji mzuri, misheni ya Walutheri ilianza pale mwaka 1891 na nyumba za zamani zipo, lakini ukiuongeza hapa utaharibu Magamba, na Magamba watoto wataifurahia zaidi. Mchana wa siku ya tatu ingieni msituni na mwongozaji kutoka lango la hifadhi. Beba kitambulisho cha taifa, kiingilio cha mkazi ni tofauti na cha mgeni, na kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo simu iwe na salio. Mwambieni mwongozaji mnataka vinyonga. Yule wa miaka 13 mpe kazi ya kutafuta, waganga wa kuviona ni watoto. Bibi abaki Lushoto na chai yake. Usiku wa tatu laleni Lushoto.

Siku ya nne ni kushuka, na hapa ndipo nilipokuwa naelekea tangu nilipotaja mafuta ya breki.

Watu wanaogopa kupanda. Kupanda, gari likishindwa linasimama. Kushuka ndiko kunakoua. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana najiona dereva, niliteremka kutoka Lushoto na gari otomatiki lenye abiria sita. Nikaacha gia kwenye D kama niko barabara ya Pangani, mguu kwenye breki mwanzo hadi mwisho. Tukapita Soni. Nikasikia harufu kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo, nikadhani ni lori la mbele. Kona mbili baadaye pedali ikazama hadi sakafuni, laini, kama kukanyaga sifongo. Breki zilikuwa zimepata moto hadi mafuta yake yakachemka, na yakichemka yanatoa mvuke ndani ya mipira. Mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi, kwa hiyo nguvu yote ya mguu inaishia kukandamiza hewa. Mafuta ya zamani yameshanyonya unyevu, yanachemka mapema. Niliteremsha gia hadi L, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikalilaza gari kwenye mtaro wa upande wa mlima. Hakuna aliyeumia. Abiria mmoja alishuka, akachukua begi lake, akaenda kwa miguu bila kusema neno, na hadi leo naona alikuwa na haki.

Mumeo afanye hivi. Kabla ya mteremko, siyo katikati, azime kile kitufe cha O/D kwenye gia, gari lisiingie gia ya juu kabisa, na pakizidi ukali aweke 2, au hata L. Injini italia. Iache ilie, ndiyo inayolishika gari. Breki aikanyage kwa nguvu muda mfupi mwendo ushuke, kisha aiachie kabisa ipoe, asiipapase mfululizo. Asithubutu kuweka N eti anaokoa mafuta. Soni simameni tena dakika kumi na tano, hata kama hakuna anayetaka kitu. Mkisikia ile harufu ya pasi, simameni hapo hapo penye nafasi, subirini nusu saa, na msimwage maji kwenye magurudumu, vyuma vinapinda.

Mkianza kushuka saa tatu asubuhi mko Mombo saa nne na nusu, na Tanga mnafika kwa chakula cha mchana kilichochelewa. Mboga za kupeleka nyumbani nunueni Lukozi siku ya tatu, siyo Mombo, bei haifanani hata kidogo. Ila kabichi zisizidi nne. Noah ina watu watano na mizigo, na breki ni zile zile.